Albamu ya Mtaani Kwangu: La Banda Trapera del Río na Cornellà ya 1979

Ukimwomba mpenzi wa muziki wa Hispania akutajie panki na wimbi jipya la mwishoni mwa miaka ya 1970, ataanza na Madrid na huenda akamalizia hukohuko. Atakutajia Kaka de Luxe, Alaska y los Pegamoides, Nacha Pop, na vijana waliokuja kujaza ukumbi wa Rock-Ola miaka michache baadaye. Wote hao nawapenda. Lakini albamu iliyonifaa maishani kuliko zote za kipindi kile haikutoka Madrid, wala haikutoka katikati ya Barcelona. Ilitoka Cornellà de Llobregat, mji wa viwanda ulio kusini-magharibi mwa Barcelona, katika mtaa wa Sant Ildefons, ambao ndio mtaa ninaokaa. Bendi iliitwa La Banda Trapera del Río, na huo mto uliomo kwenye jina lao ni Llobregat, unaopita pembeni ya mji ukielekea baharini. Albamu yao ya kwanza, iliyobeba jina lilelile la bendi, ilitoka mwaka 1979. Kwa miaka mingi walioijua walikuwa wachache sana.

Mimi ni mtu wa Mombasa, Kisauni. Nimekulia kwenye taarabu za harusini na kaseti za Kalamashaka, kundi la hip-hop la mtaa wa Dandora, alizokuwa akirudi nazo kaka yangu kutoka Nairobi. Gitaa la umeme lenye makelele halikuwa kitu changu kabisa. Nilipofika huku nikapata kazi ya kupakua matunda Mercabarna, soko kuu la jumla la Barcelona, na nikapanga chumba kwa mzee mmoja mstaafu katika ghorofa la Sant Ildefons. Huku wakubwa kwa wadogo huitana majina tu. Mimi ulimi ulikataa, nikawa namwita señor, naye akawa ananiita chaval, yaani kijana, na hivyo ndivyo tunavyoitana mpaka leo.

Mzee alizaliwa katika kijiji cha mkoa wa Jaén, Andalusia, akaletwa Cornellà akiwa bado anabebwa mgongoni. Santuri zake anaziweka kwenye kabati la vyombo sebuleni: juu sahani za wageni, chini santuri. Nyingi ni za flamenko na rumba. Jioni moja, nilipomwambia kwamba nataka kusikia muziki wa watu wa hapa, si wa redioni, aliinama akachomoa moja iliyokuwa nyuma kabisa. Jalada lilikuwa limepasuka upande wa juu, likazibwa kwa selotepu iliyokwisha kugeuka kahawia. Aliitoa santuri kwa kuibana kingo kwa viganja, vidole visiguse mifereji. Akaifuta kwa kitambaa cha miwani, akizungusha upande mmoja tu, taratibu, huku ameishikilia karibu na taa atazame vumbi. Sindano akaishusha mwenyewe kwa kidole. Kisha akasogeza kiti chake karibu na spika, akaniashiria nami nisogeze changu.

Kihispania changu wakati ule kilikuwa cha sokoni: kilo, sanduku, haraka, kesho. Maneno mengi ya nyimbo zile yalinipita. Kilichonishika ni sauti ya mwimbaji, Morfi Grey. Anaimba kama mtu aliyesimama kwenye ngazi za jengo akigombana na jirani wa ghorofa ya chini, anajua kwamba jengo zima linasikia, na hajali. Nyuma yake kuna gitaa la Tío Modes, zito, lenye kurudia mkong'oto mmoja hadi ukuingie kifuani, na dramu za Raf Pulido zinazogonga kavu bila mapambo. Upande wa kwanza ulipokwisha, mzee alinyoosha kidole dirishani, kwenye maghorofa ya upande wa pili, akasema, “Hawa walikuwa wa hapa hapa, chaval. Walikuwa wanatusema sisi.”

Kuanzia siku ile nilianza kuujua mtaa wangu.

Sant Ildefons haukukua polepole kama mitaa mingine ikuavyo. Ulisimamishwa kwa mkupuo katika miaka ya 1960, mahali palipokuwa mashamba, na ukapewa jina la Ciudad Satélite, mji wa setilaiti. Mwaka 1950 Cornellà nzima ilikuwa na watu kama 11,000; kufikia mwaka 1970 walikuwa wamepita 75,000. Walitoka Andalusia, Extremadura, Murcia na mikoa mingine maskini, wakija kutafuta kazi viwandani. Nyumba zilitangulia, mambo mengine yakafuata kwa kusuasua: shule, barabara za lami, zahanati, taa. Septemba 1971 mto Llobregat ulifurika ukaingia kwenye mitaa ya chini ya mji. Mto wenyewe ulikuwa umeharibiwa na uchafu wa viwanda vya kila namna vilivyopangana kandokando yake. Metro haikufika Sant Ildefons mpaka Novemba 1976, laini ya 5, ileile ninayoipanda mimi. Kabla ya hapo, kwenda Barcelona ilikuwa safari ya basi, na wengi waliona hawana la kulifuata huko.

Bendi iliundwa mwaka huohuo wa 1976. Hilo silioni kuwa la bahati tu. Dikteta Franco alikuwa amefariki Novemba 1975, na watu walikuwa hawajajua bado ni kipi kinaruhusiwa na kipi kinakupeleka mahabusu. Eneo zima la Baix Llobregat, wilaya iliyomo Cornellà, lilikuwa linachemka kwa migomo. Tangu 1974 kulikuwa kumeshafanyika migomo mikuu iliyosimamisha kazi wilaya nzima. Kiwanda cha vyuma cha Laforsa, hapahapa Cornellà, kilipofukuza wafanyakazi mwishoni mwa 1975, wenzao walikataa kuingia kazini wakisema ama sote ama hakuna hata mmoja. Januari 1976 wilaya nzima ikagoma kuwaunga mkono, na mwishowe waliofukuzwa wakarudishwa. Baba yake mzee wangu alikuwa fundi katika kiwanda kingine na aligoma pamoja na wengine. Mzee anasema nyumbani kwao mwaka ule walikula viazi na mayai, mayai na viazi, na hajawahi kumsikia baba yake akijutia.

Basi wavulana waliokuwa na umri wa kuanza kazi wakati huo walikuwa na baba zao mikutanoni, polisi wa farasi barabarani, na mbele yao maisha ya kiwandani yaleyale. Hapo ndipo albamu inapoanzia. Wimbo wa “Curriqui de barrio” ni wa kijana kibarua wa mtaani, na hauna shujaa ndani yake. Hakuna bendera, hakuna ahadi. Migomo ilikuwa na lugha yake ya matumaini. Nyimbo hizi zina lugha ya mtu aliyerudi nyumbani saa nne usiku akakuta lifti mbovu. Mwanzoni nilidhani vitu hivyo viwili vinapingana. Mzee alinirekebisha kwa namna yake: baba yake alikwenda kwenye migomo, yeye akanunua santuri, na walikuwa wakila meza moja.

Muziki wenyewe wapo wanaoulalamikia. Wanasema hii si panki halisi, kwamba magitaa yamelemea kwenye roki nzito ya mwanzo wa miaka ya 1970, kwamba nyimbo nyingine zinachukua muda mrefu kuliko inavyopasa, kwamba rekodi haina umaridadi. Haya yote yana ukweli ndani yake, na kwangu mimi ndiyo yanayoipa albamu uzito. Vijana hawa hawakuketi London wala New York. Panki waliipata kwa mbali, kwa vipande, santuri moja hapa na gazeti moja pale, wakati tayari walikuwa na masikio yaliyolelewa na roki ya zamani na nyumba zilizojaa flamenko na copla, zile nyimbo za kimapokeo za Kihispania. Wakachanganya walichokuwa nacho. Ukiisikiliza albamu ya Sex Pistols iliyotoka Oktoba 1977 kisha ukaisikiliza hii, utasikia kwamba ya Cornellà ina mwendo wa mtu mzito, mwenye buti za kazi. Hakuna bendi ya Madrid ya miaka ile inayotoa mlio huo. Kule wimbi jipya lilikuwa na rangi, sintesaiza, mchezo na vicheko. Hata huzuni yao ilikuwa imevaa vizuri. Sisemi kwa kuwadharau. Zombies wa Madrid na Nacha Pop wamenipa furaha nyingi kwenye metro ya alfajiri. Ila wale walikuwa na mji mkuu mgongoni mwao.

Hapa nilijifunza jambo ambalo msanii yeyote kijana wa kwetu angefaidika nalo. Watu hudhani bendi zinazosahaulika ni zile ambazo hazikupata mkataba. Trapera walipata mkataba. Albamu yao ilitolewa na Belter, kampuni ya Barcelona iliyokuwa na jina kubwa, kampuni ya Manolo Escobar, ya copla na nyimbo za kuimbwa na familia nzima. Belter ilijua namna ya kuuza santuri kwa wahamiaji wa Andalusia walioikumbuka Andalusia. Haikujua namna ya kuwauzia watoto wao, ambao Andalusia waliiona wakati wa likizo tu na hasira zao zilikuwa za Cornellà. Mlango ulifunguliwa, lakini ndani ya nyumba hakuna aliyewajua wageni ni nani. Mwaka 1982 walirekodi albamu ya pili, “Guante de guillotina”, na hiyo haikutoka mpaka mwaka 1993, ilipotolewa na kampuni ndogo ya Munster. Zaidi ya miaka kumi nyimbo zimelala kwenye utepe. Belter yenyewe ilifilisika katika miaka ya 1980.

Na upande wa Barcelona je? Barcelona ya miaka ile ilikuwa na muziki wake wa kujivunia, uliokuwa ukizunguka ukumbi wa Zeleste uliofunguliwa mwaka 1973: wapiga vyombo mahiri, jazi iliyochanganywa na roki na sauti za Mediterania. Muziki mzuri, wenye elimu. Vijana wa Sant Ildefons hawakuwa na nafasi humo, na wala hawakuiomba kwa adabu. Wakati huohuo Madrid ilikuwa inajikusanya. Watu wengi huhesabu mwanzo wa La Movida, lile vuguvugu la vijana wa Madrid, kuwa tamasha la Februari 1980 katika chuo cha uhandisi wa barabara, lililofanywa kumkumbuka mpiga dramu aliyefariki kwa ajali. Kukawa na redio, kukawa na majarida, kukawa na kumbi, na meya, Enrique Tierno Galván, aliyeona faida ya vijana wale kwa jina la mji. Albamu ya Trapera ilikuwa imetoka mwaka mmoja kabla ya tamasha hilo, mbali na hayo yote. Walitangulia, na kutangulia peke yako hakulipi.

Naandika haya kwa uchungu kidogo kwa sababu nimewauliza vijana wa jengo letu. Estopa wanawajua wote, na haki yao: ndugu wawili wa Sant Ildefons hii hii, waliokuwa vibarua wa kiwanda cha vipuri vya magari, wakatoa albamu mwaka 1999 iliyouzwa zaidi ya nakala milioni moja. Trapera wanajulikana kwa walio na mvi. Kuna filamu ya kumbukumbu iliyotengenezwa kuhusu bendi hii, zipo nakala mpya za santuri, wapo wakusanyaji wanaolipa fedha nyingi kwa nakala ya awali. Lakini kwenye ngazi za jengo, ambako nyimbo zilielekezwa, nimekuta ukimya.

Niseme pia nisichokipenda, maana upendo usiokagua si upendo. Kabla ya albamu, Belter iliwatolea santuri ndogo yenye wimbo wa “La regla”, unaohusu hedhi. Umeandikwa kwa macho ya vijana wa kiume waliotaka kushtua watu, na mwanamke aliyemo ndani yake hana sauti. Kwenye albamu pia kuna majina ya nyimbo ambayo sitayaandika hapa, mama yangu husoma ninachoandika. Baadhi ya matusi yale yana kazi: yanapasua ukimya wa miaka arobaini. Mengine yapo kwa sababu wavulana walikuwa wakishindana nani atasema kubwa zaidi. Mama mwenye nyumba, mke wa mzee, hajawahi kukaa sebuleni santuri hiyo ikilia, na nilipomuuliza sababu alisema wasichana wa mtaa ule nao walikuwa na hasira zao, ila hakuna aliyewapa gitaa. Tangu aniambie hivyo, kila nikiisikiliza namsikia na yeye asiyeimba.

Sasa nifike kwenye wimbo ulioniingia kuliko zote, “Ciutat podrida”, yaani mji uliooza. Wimbo huu umeimbwa kwa Kikatalani, na wengi huutaja kuwa miongoni mwa nyimbo za kwanza za panki katika lugha hiyo. Asiyekaa huku anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Si dogo. Chini ya Franco Kikatalani kilifukuzwa shuleni na ofisini. Waliokiweka hai waliimba kwa heshima kubwa: kuanzia miaka ya 1960 walikuwepo waimbaji wa Nova Cançó, gitaa moja, kiti kimoja, mashairi mazito, na ukumbi umetulia. Kikatalani cha jukwaani kilikuwa kitu cha kulindwa. Na waliohofiwa kukimaliza ni nani? Ni watu wa mitaa kama Sant Ildefons, wahamiaji waliosema Kihispania nyumbani, sokoni na kiwandani, waliokuwa wakiitwa charnego, jina la kumdhalilisha mtu aliyetoka kusini. Watoto wao hawakufundishwa Kikatalani shuleni. Sheria iliyokirudisha madarasani kikamilifu ilipitishwa mwaka 1983.

Basi mwaka 1979 vijana wa mtaa huohuo wanakichukua Kikatalani na kukitumia kusema kwamba mji umeoza. Hawakiombi ruhusa, hawakisifu, hawakitumii kujipendekeza kwa wenye mji. Wanagomba kwacho. Nilipopata mtu wa kunifasiria mistari yake, niliketi nikausikiliza tena na tena, kwa sababu ulinigusa mahali pangu.

Mimi niliishi huku nikiwa mgeni mwenye adabu. Nyumbani tumelelewa hivyo, mgeni hakagui chumvi. Kwenye mkutano wa wakazi wa jengo nilikaa mlangoni, nikatikisa kichwa, nikatoka. Mwenye nyumba ya kwanza niliyowahi kupanga huku aliponizuilia amana yangu, nilisema ahsante. Kazini, ratiba ilipobadilishwa bila kuambiwa, nilisema hakuna shida. Tuna methali yetu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe nililishika tangu siku ya kwanza wala sikulalamika. Lakini methali haisemi ni siku ya ngapi ndipo mgeni anaruhusiwa kusema mto unanuka. Wazazi wa akina Morfi Grey walishika jembe. Watoto wao wakasema mto unanuka, na wakasema kwa lugha ya wenye mto. Kwangu mimi hapo ndipo uhamiaji wao ulipokwisha. Karatasi zinakupa haki ya kukaa. Mtu anayekasirikia mahali kwa lugha ya mahali hapo, na anatarajia kusikilizwa, huyo hana tena kwao kwingine pa kukimbilia. Amekubali kwamba hapa ndipo pake, pamoja na uozo wake.

Nilijiandikisha darasa la Kikatalani la jioni, lile la bure la watu wazima. Wenzangu kazini walishangaa. Kwa nini ujisumbue, wakasema, Kihispania kinakutosha. Ni kweli kinanitosha, mtaa wangu bado husema Kihispania zaidi. Sikuwa nafuata kazi bora. Nilitaka kuwa na uwezo wa kugomba.

Yapo mengine ambayo albamu hii imenifunza kuhusu kusikiliza. Nimeacha kuuliza kwanza bendi ni ya aina gani. Panki, wimbi jipya, roki ya mtaani, haya ni majina ya wauzaji na waandishi, na mara nyingi hutolewa na watu walio karibu na redio. Naanza na swali la wapi. Walikuwa wakifanyia mazoezi wapi, walipanda basi gani, madirisha yao yalitazama nini. Nikishajua hilo, masikio hufunguka yenyewe. Nilirudi hata kwenye kaseti za Kalamashaka nilizozisikiliza utotoni bila kuijua Dandora, nikamwomba kaka anieleze mtaa ule nyumba kwa nyumba, jalala kwa jalala, na ilikuwa kana kwamba nimepewa nyimbo mpya.

Na nimejifunza kuthamini walinzi wa muziki. Albamu hii haikuokolewa na redio wala na tuzo. Katika miaka ya 1980 heroini ilipita kwenye mitaa hii ikachukua vijana kwa wingi. Mzee akitazama picha ya timu yake ya mpira ya utotoni, anaweka kidole kwenye uso mmoja, mwingine, mwingine, na hasemi kitu. Watu wamekufa, nyumba zimeuzwa, vitu vimetupwa. Katikati ya hayo kuna waliokataa kuitupa santuri moja yenye jalada lililopasuka. Kampuni iliyokuja kuitoa upya baadaye ilikuta bado kuna watu wa kuinunua kwa sababu ya hao. Mzee wangu hajioni kuwa ameokoa chochote. Anasema tu ilikuwa ghali, na kitu ulichokinunua kwa mshahara wako wa kwanza hukitupi.

Ukitaka kuisikiliza, anza na “Ciutat podrida”, kisha “Curriqui de barrio”, halafu “Venid a las cloacas”, wimbo unaokualika ushuke kwenye mitaro ya maji machafu uone jamii inaficha nini. Sikiliza kwa spika, usisikilize kwa visikizio vidogo vya simu. Muziki huu uliandikwa kwa ajili ya kuta nyembamba. Mara ya kwanza huenda ukachoka katikati; nami nilichoka. Rudi kesho yake.

Mwishoni mwa muhula, mwalimu wetu wa Kikatalani alitutaka kila mmoja alete wimbo mmoja wa lugha hiyo. Wengi walileta za mapenzi, moja ilikuwa ya watoto, dada wa Honduras alileta ya Krismasi. Mimi nilileta “Ciutat podrida” kwenye simu. Mwalimu, mama wa makamo, aliusoma mstari wa jina akaweka kalamu chini. Alisema alipokuwa msichana nyumbani kwao Barcelona waliambiwa wasikanyage Cornellà, na bendi hii ndiyo iliyotajwa kama sababu. Nilidhani atanikataza. Akaichomeka simu yangu kwenye spika ya darasa na kuongeza sauti mpaka wa chumba cha pili wakagonga ukuta.

Ulipokwisha alisema, kwa Kikatalani tu, bila Kihispania hata neno, kila mtu aseme ni kitu gani kimeoza katika mji wake. Mji wake, alikazia, huu. Darasa likanyamaza kwanza. Kisha dada wa Honduras, anayemtunza bibi wa miaka tisini na anayeanza kazi kabla ya mapambazuko, akasema habari za basi la kwanza lisilokuja Jumapili. Kijana wa Moroko akasema ofisi inayompa miadi ya miezi mitatu ijayo. Zamu yangu ilipofika nikasema habari za lifti yetu na kampuni inayotoza kuitengeneza kila mwezi bila kuitengeneza, na mzee wangu anayepanda ngazi na goti bovu. Nilikwama kwenye neno la waya wa lifti; yule Mmoroko akanipa, akanisahihishia na kitenzi juu yake. Bwana mmoja wa Pakistani, ambaye muhula mzima hakuwa amesema zaidi ya jina lake na habari za asubuhi, alisimama kabisa na kuanza habari ya kodi ya nyumba: ilivyokuwa alipofika, ilivyopanda, ilivyopanda tena. Vitenzi vilikuwa vibovu na kila mtu alimwelewa. Mlinzi alikuja kufunga jengo akiwa bado hajamaliza, tukashuka naye ngazi akiendelea, nasi tukimwongezea.